Jebet Aenda Kuchunguza Wakwe

Kwao Jebet, kule Nandi, kijana akileta habari za posa watu hawakai nyumbani kungojea bahati. Wanatumwa wajumbe. Shangazi mmoja, mjomba mmoja, na mzee fulani mwenye macho ya kunguru, wanafunga safari hadi kwa akina kijana, wanakaribishwa mursik, yale maziwa ya kibuyu, na huku wakinywa polepole wanachunguza kila kitu: ng'ombe wakoje, ua ukoje, mama mwenye mji anajibuje akiulizwa swali la ghafla. Wakirudi nyumbani wanasema neno moja tu, na neno hilo ndilo litakalofuatwa.

Jebet alikuwa Doha. Kijana alikuwa wa Nepali. Wajumbe hakuwa nao, na Nepali si mahali pa kwenda na kurudi siku ya mapumziko. Basi Ijumaa moja ya Februari, mwaka 2016, akajituma mwenyewe. Akavaa viatu vyake vya kanisani, akaenda kuwachunguza wakwe kwenye jumba la makumbusho.

Msimcheke kabla ya kumsikiliza. Jebet alifanya kazi ya vyumba katika hoteli moja kubwa ya mjini. Ndiye aliyetandika vitanda vya wageni na kuokota soksi zao chini ya viti. Kijana mwenyewe, Dipak, alikuwa mwoka mikate katika hoteli hiyohiyo. Walijuana kantini. Jebet alipenda kile kipande cha mwisho cha mkate, chenye ganda pande zote, ambacho wengine hukisukuma kando, na Dipak alipogundua hivyo akawa anamwekea kila siku, amekifunga kwenye karatasi vizuri kabisa. Mapenzi ya wengine huanza kwa maua. Haya yalianza kwa ganda la mkate, na yalikuwa yanakaribia miaka miwili, yote mchana kweupe, mezani, mbele za watu, maana Doha si mji wa kushikana mikono ovyo.

Sasa mkataba wa Dipak ulikuwa unakwisha. Jumatano alimwambia, kwa kile Kiingereza chao cha hoteli kilichochanganyika na Kiswahili alichookota kwa Wakenya wa jikoni:

"Ijumaa jioni mama yangu atapiga simu. Nataka nimtajie jina lako. Lakini kwetu, ukimtajia mama jina la msichana, umeshaoa nusu. Ukikubali, nitamtajia. Ukikataa, nitamwambia narudi peke yangu, na sitakusumbua tena."

"Na tukioana tutaishi wapi?" Jebet akauliza, kujipa muda.

"Popote wanapokula mkate."

Jawabu zuri, nani atakataa, lakini halikumletea usingizi. Moyo wake ulikuwa umeshakubali zamani. Kichwa ndicho kilichokuwa kinagoma. Marehemu baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyeweza kuisoma ile amri ya kutojichongea sanamu kwa sauti iliyofanya hata wanasesere wa watoto wafichwe chini ya kitanda. Na Dipak hakuficha kwamba kwao wana miungu, tena si mmoja. Jebet hakuwajua miungu hao kwa sura wala kwa jina. Alikuwa anaombwa aingie nyumba asiyojua hata imejengwa kwa nini.

Siku ya pili yake, akisafisha chumba cha mgeni, akakuta kipeperushi juu ya meza: mkusanyo wa vitu vya tamaduni na dini za Asia, uliokusanywa na familia moja ya wafanyabiashara wa lulu wa zamani, waliokuwa wakienda Bombay na kwingineko. Uko Al Rayyan. Ijumaa unafunguliwa baada ya sala. Kuingia bure. Jebet akakisoma mara mbili, akakikunja, akakitia mfukoni mwa sare, na hiyo ndiyo ikawa hati yake ya kusafiria.

Aliyemcheka kweli ni Stacy, Mnairobi waliyekuwa wakiishi naye chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi, Al Thumama.

"Makumbusho? Na off yako moja ya wiki?" Stacy akasema, amelala chali, uso umepakwa tope la urembo. "Manze Jebet, watu wanaenda mall kuona nguo, wewe unaenda kuona masanamu."

"Naenda kuona wakwe."

"Wakwe wako ndani ya glasi?"

"Ndiyo vizuri. Hawatanitoroka."

"Si umwambie tu yes, story iishe? Ukipenda boga penda na ua lake."

"Nimesikia hilo ua lina mikono minne," Jebet akasema, akachukua mkoba wake akatoka.

Alipanda mabasi mawili. Jumba lenyewe lilikuwa nyumba ya zamani yenye ua katikati, kuta nene, na ndani baridi ya kiyoyozi kiasi kwamba Jebet alijuta kuacha sweta. Kwenye ukumbi wa kwanza aliketi mlinzi, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kazi, na kibao kifuani kilichosema Khalfan. Alimtazama Jebet mara moja, akatabasamu.

"Karibu dada. Watokea kwetu au Kenya?"

"Kenya. Nandi."

"Mimi Pemba. Haya tembea, tazama, ila usiguse. Wamekaa miaka mingi, hawapendi kupapaswa."

"Hawa wote unawajua?"

"Nikifungua mlango asubuhi nawaambia hamjambo."

"Wanaitika?"

"Wangeitika, leo ningekuwa Pemba," Khalfan akasema.

Jebet akaanza kazi yake ya ujumbe. Mikono nyuma, shingo mbele, mwendo wa shangazi anayekagua ghala la mwenzake. Chumba cha Uajemi: misahafu yenye maua ya dhahabu pembeni, vigae vya buluu, sahani zisizo na ufa. Watu safi, akaamua, wanapenda vyombo vyao. Chumba cha Uchina: majoka, tena majoka, na jagi la kumweka mtu mzima ndani. Matajiri, lakini wana kelele. Akafika mbele ya Buda mmoja wa jiwe, macho yamefumbwa nusu, mkono mmoja umeachiwa gotini. Jebet alisimama hapo kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Huyu asingegombana na mtu juu ya mpaka wa shamba. Alitamani amwone mhubiri wao mmoja, aliyekuwa akipiga kelele kwenye kipaza sauti mpaka mbwa wa kijiji wakaitikia, akikalishwa mbele ya uso huu walau kwa nusu saa.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha Uhindi na nchi za milimani, na mapigo ya moyo yakabadilika, maana hapa ndipo nyumbani kwa wenyewe. Kulikuwa na mmoja wa shaba anayecheza ngoma katikati ya pete ya moto, mguu juu. Kulikuwa na mwanamke aliyempanda simba, mikono ikimtoka kila upande, na kila mkono umeshika kitu chake. Jebet akamhesabu mikono, akacheka peke yake. Mama mkwe wa namna hii, kwake vyombo vichafu haviwezi kulala.

Kisha, kwenye kabati la pembeni ambalo wageni wengi walilipita tu, akaona taa ndogo ya mafuta na kengele ya mkononi. Havikuwa vya thamani. Mpini wa kengele ulikuwa umelika mahali pa vidole, na taa ilikuwa na weusi wa moshi ambao hakuna aliyeusugua. Mwanamke fulani, mahali fulani, alikuwa ameishika kengele hii kila asubuhi mpaka shaba ikalika. Aliomba nini? Jebet hakuhitaji kuambiwa. Aliomba mtoto apone, mvua inyeshe, mume arudi kutoka safarini, yule wa shule afaulu. Mama yake Jebet aliomba hayohayo, kwa mpangilio huohuo, saa kumi na moja alfajiri, na Biblia yake nayo ilikuwa imelika pembeni mahali pa kidole gumba.

Hapo kile kichwa kilichokuwa kinagoma kikaanza kutulia. Jebet alihisi wepesi mpaka akashangaa. Akajiambia: watu hawa nimewaona, ni watu. Nitarudi niseme ndiyo. Akageuka kutafuta mlango.

Na mlangoni, juu ya kiti cha jiwe, alikuwa ameketi ndovu.

Mwili wa mtu, tumbo kubwa la mtu aliyeshiba, mikono minne, na kichwa cha ndovu kabisa, na mkonga umejikunja kuelekea bakuli la peremende. Miguuni pake panya. Jebet alimjua papo hapo. Picha yake ilikuwa imebandikwa jikoni, juu ya oveni ya Dipak, na siku zote yeye alidhani ni katuni ya watoto. Akakikumbuka na kile kidani kidogo ambacho Dipak hukivaa ndani ya shati na kukibusu kabla ya kutia mkate motoni. Maandishi ukutani yalisema huyu ni Ganesh, mwondoa vikwazo, na kwamba watu wake humtaja kwanza kabla ya kuanza jambo lolote.

Jebet akarudi nyuma hatua mbili.

Hapa sharti niwaeleze, maana asiye Mkalenjini ataona ni sanamu tu. Kwao kila ukoo una mnyama wake, na mnyama huyo ni kama jamaa. Kuna watu wa simba, watu wa nyuki, watu wa korongo. Jebet alikuwa wa Kipkoiitim, na Kipkoiitim ni watu wa ndovu. Baba yake, pamoja na uzee wake wote wa kanisa, kila alipomwona ndovu kwenye televisheni alikuwa akisema, "Haya, jamaa," kisha akaendelea kunywa chai. Na watu wa mnyama mmoja ni ndugu. Hawaoani. Si kwamba hawashauriwi, hawaoani. Binamu yake Jebet, Kiprop, alimleta nyumbani msichana waliyesoma naye chuo, mrembo, mwenye adabu, kila mtu amempenda, na kwenye kikao cha kuulizana koo ikabainika kwamba naye ni wa ndovu, kutoka upande wa mbali. Kikao kilifungwa chai ikiwa bado moto vikombeni. Siku hizi yule msichana huja Krismasi na zawadi, na Kiprop humwita dada, na humtazama kwa jinsi ambayo mkewe haipendi.

Jebet alikuwa amekuja na hofu ya kanisa, ameiweka chini, na sasa amekutana na hofu nyingine aliyodhani aliiacha uwanja wa ndege wa Eldoret. Na hii ilikuwa nzito zaidi. Ile ya kwanza ilimtia wasiwasi. Hii ilimtia machozi. Alisimama mbele ya mwondoa vikwazo akilia kwa kwikwi, na katikati ya kilio ndipo alipojua, bila shaka yoyote, kwamba anampenda Dipak kuliko alivyokuwa amejikubalia mwenyewe. Hakuna kitu kinachouma kama kulijua hilo saa unayoambiwa huyo ni kaka yako.

Khalfan alikuja mbio za taratibu, zile mbio za mlinzi asiyetaka kutisha wageni.

"Dada, kuna nini? Umefiwa?"

"Hapana." Jebet alijipangusa kwa kiganja. "Nimekuta ndugu yangu."

"Wapi?"

Jebet akamwonyesha. Khalfan akamtazama Ganesh, akamtazama Jebet, akarudi tena kwa Ganesh, kwa makini ya mtu anayelinganisha picha na pasipoti.

"Sijaona mnavyofanana," akasema.

Ilibidi Jebet acheke, na akicheka akamwaga kila kitu: mkate, mama wa Nepali, simu ya jioni, ndovu. Khalfan alisikiliza akitikisa kichwa.

"Sasa tabu iko wapi? Mimi mke wangu ni mtoto wa ami yangu. Tumecheza pamoja tangu wadogo."

"Wee!" Jebet akaruka nyuma. "Umemuoa dada yako?"

"Binamu! Kwetu ndiyo heri, unajua alikotoka. Kumuoa mtu usiyemjua babu yake, hiyo ndiyo hatari."

Walitazamana, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa dhati. Mwishowe Khalfan akamwelekeza kwenye benchi la uani.

"Simu ruhusa hapo nje. Piga kwenu uulize. Kuuliza si ujinga."

Shangazi Tapkigen ndiye aliyeshika mambo ya ukoo tangu baba yake Jebet alipofariki. Alipokea simu kwa kupiga kelele, kama kawaida yake, kana kwamba sauti inakwenda Doha kwa miguu. Jebet alimweleza. Ilikuwa mara ya kwanza shangazi kusikia habari za Dipak, na Jebet alijiandaa kwa ghadhabu juu ya dini, juu ya umbali, juu ya rangi. Haikuja.

"Ukoo wake?" shangazi akauliza.

"Sijui, shangazi."

"Umemjua miaka miwili na hujui ukoo wake? Unajua nini basi?"

"Najua anaoka mkate."

"Mkate hauna damu. Huyo ndovu ni nani kwao? Ni babu?"

Jebet alirudi mlangoni, akachungulia maandishi, akasoma mpaka mwisho. "Inasema alizaliwa mtoto kama watoto. Baba akamkata kichwa kwa hasira, hakujua ni mwanawe. Halafu akajuta, akamtilia kichwa cha ndovu."

Ng'ombe alilia mahali fulani nyuma ya shangazi.

"Basi huyo ameazima kichwa," shangazi akasema hatimaye. "Wa kwetu ni ndovu mzima. Lakini hili ni jambo zito, siwezi kulikata peke yangu. Hata wazee wangelala nalo. Fanya hivi. Muulize kijana jina la ukoo. Akilitaja na si la ndovu, nipigie. Akikwambia kwao hawana habari ya koo, njoo nyumbani. Watu wasioulizana koo, watajuaje nani mke na nani dada?"

"Shangazi, atanicheka. Huyu ni kijana wa siku hizi."

"Afadhali akucheke sasa kuliko mlie baadaye," shangazi akasema, akakata, akijua pesa za kadi zinakwenda.

Njia nzima ya kurudi, Jebet alijizoeza swali hilo ndani ya basi. Alilisema kwa utani, likasikika kama matusi. Alilisema kwa uzito, likasikika kama la polisi. Aliona sura ya Dipak akijaribu kuwa mstaarabu: ukoo? mnyama? Na aliona kingine kibaya zaidi, Dipak akisema sisi hatuna mambo hayo, akidhani anamfurahisha, na kwa sentensi hiyo moja akiufunga mlango. Kijasho chembamba kilimtoka ingawa Februari ya Doha haina joto. Aliamua atamuuliza kabla mama hajapiga, mara tu atakapofika, bila kukaa.

Lakini basi lilichelewa, na alipoingia kantini Dipak alikuwa ameshaketi, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, na ndani ya simu mwanamke mwembamba mwenye shali nyekundu kichwani. Kantini ilikuwa nusu tupu. Wafilipino wawili walikuwa wakicheza karata kule mwisho. Dipak alipomwona Jebet alisimama, akaketi, akasimama tena. Alikuwa hajataja jina. Jebet aliliona hilo usoni mwake: alikuwa amezungumza habari za hali ya hewa na bei ya vitunguu, akimngojea yeye.

Mama, hata hivyo, hakuwa mtoto. Alikuwa amemwona mwanamke nyuma ya mwanawe, na alikuwa amemwona mwanawe akisimama mara mbili. Akasogeza uso karibu na simu mpaka likaonekana jicho moja na nusu pua, akamtazama Jebet vizuri, akasema maneno machache.

Dipak akainamisha kichwa. Masikio yalimwiva.

"Anasema nini?" Jebet akauliza.

"Usikasirike. Mama yangu ni mtu wa kizamani."

"Anasema nini, Dipak?"

"Hajauliza hata jina." Alishusha sauti. "Anauliza wewe ni wa ukoo gani."

Jebet akaketi kwenye kiti cha karibu, ambacho kwa bahati kilikuwepo.

"Kwetu lazima tuulize," Dipak akaendelea mbiombio, mikono ikimsaidia. "Watu wa ukoo mmoja kwetu ni ndugu, hawawezi kuoana, hata kama wanatoka miji ya mbali. Nilimwambia mapema, mama, mtu wa mbali usimuulize mambo hayo, huenda kwao hayapo, utamuudhi..."

"Nani kakwambia hayapo?" Jebet akasema, kwa sauti iliyowafanya wacheza karata wageuke. "Mwambie Kipkoiitim. Mwambie ni watu wa ndovu. Na ninyi je?"

Dipak alimkodolea macho. "Sisi Kashyap."

"Mnyama wake?"

"Hana mnyama. Ni mzee wa kale sana, mtu wa sala. Sote tumetoka kwake."

"Na yule ndovu wa jikoni?"

"Ganesh? Ganesh ni wa kila mtu. Hata jirani anaye. Hata mwenye duka la vocha."

Jebet aliachia pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu Al Rayyan. Dipak akamgeukia mama, akatamka lile jina, na mama akajaribu kulirudia, Kip, Kipko, akashindwa, akacheka, akamgeukia mtu aliyekuwa naye chumbani, ambaye naye alishindwa. Kisha akaacha kucheka. Akasema maneno mengi, polepole, mkono umeshika ncha ya shali, na kadiri alivyosema ndivyo uso wa Dipak ulivyobadilika.

"Haya, tafsiri," Jebet akasema.

"Anasema alikuwa anaogopa." Dipak alitafuta maneno. "Alijua kuna msichana, mama wote hujua. Aliogopa namletea mtu asiye na ukoo. Anasema mtu wa hivyo hana wa kuombwa kwake. Unamchukua tu, kama kitu ulichookota njiani, na yeye hataki mkwe wa kuokota. Anasema kama una ukoo, una wazee. Kama una wazee, lazima waombwe. Anauliza ampigie nani."

Jebet alikuwa amekaa mji huu miaka mitatu. Aliulizwa kitambulisho kila siku ya Mungu. Aliulizwa taulo, aliulizwa funguo, aliulizwa mbona chumba fulani bado. Hakuna aliyewahi kumuuliza watu wake ni nani. Na sasa mwanamke asiyejua hata jina lake, huko milimani, anataka kuwaomba ruhusa. Machozi yakamjia kwa mara ya pili siku ile, na safari hii hakuyapangusa. Alifurahi mpaka akaona aibu.

Mama akasema neno fupi.

"Anauliza mbona unalia, umekataa?" Dipak akasema. Jebet akaona kwamba jioni nzima maskini huyu naye alikuwa roho mkononi. "Jebet. Nimtajie jina?"

"Mtajie," Jebet akasema. "Mwambie anaitwa Tapkigen, shangazi yangu, na asipige kabla ng'ombe hawajakamuliwa."